Siku Nilipomdanganya Linux

Mimi, Gerson wa Spea, ndiye mtu wa kwanza mkoa mzima wa Tabora kumdanganya Linux mchana kweupe, akakubali bila hata kuomba kitambulisho!

Najigamba mapema kwa sababu sehemu ya kujigamba imeishia hapo. Kuanzia mstari unaofuata ni aibu tu, na ni yangu yote, sina wa kugawana naye.

Kwanza unijue. Nilianza biashara kwenye mnada wa Ziba nikiwa na turubai moja, breki za baiskeli na mdomo. Breki ziliisha, mdomo ukabaki. Nikahamia Igunga nikawauzia mafundi wa malori, na kutoka Igunga nikaingia Tabora mjini, nikafungua duka lenye mlango wa kioo na bango linaloonekana hata na asiyetaka kuliona. Hakuna aliyenishika mkono. Anayesema alinishika, namtaka alete shahidi.

Siri ya mafanikio yote hayo ni neno moja: inaingiliana.

Mteja anataka klachi ya pikipiki ya aina hii, mimi ninayo ya aina ile. Namwambia, "Inaingiliana!" Akisita, namwambia hata kiwandani wanafunga hiyo hiyo. Akienda nayo ikagoma, akirudi namwuliza swali moja tu: "Nani alikufungia?" Akitaja fundi yeyote, awe bingwa wa mabingwa, natikisa kichwa kwa huzuni kama nimesikia msiba. Kwangu mimi hakuna spea isiyoingia. Kuna fundi mvivu wa kushika tupa.

Neno hilo ndilo nililoingia nalo kwenye kompyuta.

Kule Ulyankulu kuna ushirika mmoja wa wafuga nyuki, jina nalihifadhi kwa sababu bado naomba radhi. Walikuwa wamechoka na mizani yao ya ndoano, ambayo mfuga nyuki akiisoma anaona kilo zimezidi na karani akiisoma anaona zimepungua. Walitaka mizani ya kisasa: sinia dogo la kupimia ndoo, jukwaa kubwa la kupimia mapipa, na kisanduku chenye kioo kinachoonyesha uzito na kuutunza, asibishane mtu.

Vituo vyao vya kukusanyia asali ni kumi na kimoja. Mwenyekiti wao, Mama Apolinaria, ni mama mfupi mwenye sauti ya chini inayokulazimisha usogee karibu ndipo akusomee hukumu yako.

"Lete moja tuijaribu mbele ya wanachama," alisema. "Ikipima sawa, tunachukua kumi na moja. Isipopima sawa, sisi tunabaki na ndoano yetu, na wewe unabaki na vyako."

Mtu mwingine angetengeneza kisanduku kimoja akasubiri. Mimi nilitengeneza vyote kumi na kimoja! Tena nikavipaka rangi ya asali, rangi ambayo hakuna binadamu mwingine duniani angeitaka kwenye kitu chochote. Kwa hiyo elewa vizuri: siku ya jaribio ikiharibika, nabaki na visanduku kumi na kimoja vya rangi ya asali, na Tabora nzima itajua.

Fundi wangu wa mambo haya ni Spesioza Nimbona, mtoto wa huko huko Ulyankulu. Alisomea kompyuta Dar es Salaam, akarudi na vyeti viwili na tabia mbaya ya kutocheka ninapotania. Nilimpa chumba nyuma ya duka. Ndani ya kila kisanduku aliweka kompyuta ndogo, bodi yenye ukubwa wa sanduku la kiberiti cha familia, inayoendeshwa na Linux, ile programu mama isiyonunuliwa. Nilipoambiwa hainunuliwi niliipenda papo hapo.

Siku moja nikamkuta anaandika faili refu lenye mabano mengi kuliko kichaka cha miiba.

"Hilo nini, Spe?"

"Mti wa vifaa, bosi. Linux akiamka ni kipofu. Hajui kama wamemweka kwenye mizani, kwenye friji au kwenye redio."

"Si apapase?"

"Vingine vinajitaja vyenyewe, kama flashi ukiichomeka. Ila hizi chipu ndogo ni mabubu. Kwa hiyo tunamwandikia: kwenye waya huu kuna chipu ya kupimia, kwenye waya ule kuna kioo. Kila kitu na tawi lake."

"Na hapa?" Nikaweka kidole kwenye mstari ulioandikwa hivi:

compatible = "tembo,t7";

(Majina ya chipu nimeyabadilisha. Sitaki kesi. Ile ya bei mbaya tuiite Tembo, na ya pili, inayokuja sasa hivi, tutaiita Swala.)

"Hapo ndipo penye jina," Spesioza akasema. "Jina la kiwanda, mkato, jina la chipu. Linux analisoma, halafu anamwita dereva anayeijua chipu hiyo. Dereva ni kipande cha programu. Anajua chipu yake inavyoongeleshwa, wapi inaguswa, wapi haiguswi."

"Na dereva akifika akute chipu nyingine?"

"Madereva wengine hukagua kwanza. Huyu wa Tembo hana cha kukagua, chipu yenyewe haina namba ya ndani ya kujitambulisha. Anaamini ulichoandika."

"Anaamini?"

"Anaamini."

Mtu mwema angeipita sentensi hiyo kama anavyopita kituo cha Tura akiwa amelala kwenye treni. Mimi masikio yalisimama.

Spesioza akaendelea, maana hakujua anaongea na nani. "Unaweza kuandika majina mawili, bosi. La kwanza liwe la chipu yenyewe, la pili liwe la ndugu yake anayefanana naye. Lakini hilo la pili ni kiapo. Ni kama mshenga kwenye posa. Akisema kijana wetu ni kama kaka yake, basi kila anachokifanya kaka, huyu naye akifanye vile vile. Si kwamba wanafanana pua."

"Nimekuelewa," nikasema. Nilikuwa nimeelewa pua tu.

Akaniandikia karatasi: chipu kumi na moja za Tembo. Nikaenda nayo kwa Ambrosi, muuza vifaa vya umeme nyuma ya soko, mtu ambaye nikimwona najisikia kama najitazama kwenye kioo cha kinyozi.

"Tembo?" Ambrosi akacheka. "Kaka Gerson, Tembo ni ya watu wa miradi, wanaolipiwa na wazungu. Wewe mtu wa akili chukua Swala. Miguu ile ile, umbo lile lile, na ni nusu ya bei."

"Spesioza kasema Tembo."

Ambrosi akainama juu ya kaunta, akanitazama kwa upole, akaniambia: "Inaingiliana."

Jamani! Neno hilo nimeliuza miaka ishirini, na siku hiyo nikalinunua kwa dakika moja. Tena nikambana bei, nikatoka pale nikijiona mjanja kuliko wote waliowahi kupita soko lile tangu misafara ya pembe za ndovu.

Spesioza alipoziona hakupiga kelele. Alichukua moja, akasoma maandishi ya mgongoni kwa tochi ya simu, akaichomeka ndani ya kisanduku kimoja, akaketi, akafuta jina la Tembo kwenye faili na kuandika jina la kweli: "swala,s7". Akakiwasha kisanduku. Sinia dogo likafanya kazi vizuri kabisa. Kilo ya sukari ikasoma kilo moja kamili. Lakini upande wa jukwaa kubwa, kioo kikaandika: HAKUNA.

"Unaona?" akasema. "Chipu hii ina milango miwili. Wa kwanza ni sawasawa na wa Tembo, sinia linaingia hapo. Ila mlango wa pili wa Tembo ni wa mizani, tumefunga jukwaa hapo. Mlango wa pili wa Swala si wa mizani kabisa, ni wa kupi—"

"Nimeelewa."

"Hujaelewa, bosi, nilikuwa nasema ni wa—"

"Spe, binti yangu! Nimeanza kuuza spea wewe hujazaliwa. Nimeelewa."

Akakizima kisanduku. "Rudisha hizi, chukua Tembo," akasema mwisho. "Mimi kesho natangulia nyumbani, Jumapili kuna ubatizo wa mtoto wa dada. Majukwaa makubwa yameshaondoka na lori, nitayafunga mwenyewe Jumatatu. Karatasi yenye hatua za kuandika mti upya hiyo ukutani, kama utahitaji. Usiguse mengine."

Akaondoka Ijumaa. Jumamosi asubuhi, baada ya chai na mihogo, niligusa mengine.

Nilijiambia hivi: mashine inasema HAKUNA kwa sababu imeambiwa ni Swala. Ikiambiwa ni Tembo, itajikaza. Watu wangapi nimewaona mjini hapa wakiitwa meneja na kuanza kutembea kama meneja? Nikaketi kwenye kiti cha Spesioza, nikafungua faili, nikatafuta ule mstari, nikafuta "swala,s7", nikaandika kwa kidole kimoja: "tembo,t7". Nikafuata karatasi ya ukutani hatua kwa hatua, nikitokwa jasho kama napasua mbao.

Nikakiwasha.

Kioo kikaandika: SINIA 0.00. JUKWAA 0.00.

Nikaruka! Lile neno HAKUNA limetoweka! Linux alisoma jina, akamwita dereva wa Tembo, dereva akaja akakaa juu ya Swala akaanza kazi, hakuna aliyeuliza swali! Nikafikiria kuandika kwamba feni la dukani ni jenereta nione itakuwaje.

Sasa ngoja nikusimulie jambo ambalo hadi leo likinijia najipiga kofi. Jukwaa lenyewe lilikuwa Ulyankulu. Lilishaondoka na lori! Mezani kwangu hapakuwa na jukwaa, hapakuwa na hata waya wake. Bado kisanduku kilikuwa kinaniambia jukwaa lipo na halina mzigo. Mtu mwenye akili angejiuliza kinasoma nini. Mimi nikakiona kina adabu. Nikazichomeka Swala zilizobaki, nikavitengeneza vyote kumi na kimoja hivyo hivyo, nikavifuta vumbi, nikaenda kunyoa ndevu.

Jumatatu nikashika njia. Babu yake babu yangu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe kutoka Tabora hadi pwani kwa miguu, mzigo begani, wimbo mdomoni. Mimi mjukuu wake nikatoka Tabora ile ile kwa kuelekea upande wa pili, visanduku kumi na kimoja nyuma ya gari la kukodi, nikijiona nimeuinua ukoo. Babu angalau alijua alichobeba.

Kwenye uwanja wa ushirika walikuwa wamejaa. Wafuga nyuki, wake zao, ndoo, mapipa, na jua la Oktoba linalotafuta mtu wa kugombana naye. Nikawaamkia wazee shikamoo moja ya jumla, wakaniitikia marahaba nyingi nyingi. Mama Apolinaria akaniketisha mbele.

Spesioza alikuwa ameshafunga jukwaa. Akachomeka kisanduku, akakiwasha pale kivulini barazani, akaona kioo: SINIA 0.00, JUKWAA 0.00. Akanigeukia.

"Umenunua Tembo, bosi?"

"Mambo yako sawa."

"Sijauliza mambo. Nimeuliza chipu."

"Spe, wanachama wanasubiri." Nikamgeuzia mgongo, nikainua mikono yangu miwili mbele ya umati. "Ndugu wafuga nyuki! Leo ubishi wa kilo unazikwa rasmi!"

Nikaanza na sinia. Kilo ya sukari: 1.00. Makofi! Ndoo ya asali ya mama mmoja: 27.40. Wakaiweka kwenye ndoano yao: ishirini na saba na kidogo. Makofi, vigelegele, na mama mwenye ndoo akacheza kidogo. Nikainamisha kichwa kama askofu.

"Sasa jukwaa," Mama Apolinaria akasema kwa sauti yake ya chini.

Mzee Prosperi akajitokeza. Huyu ni mfuga nyuki wa siku nyingi, mrefu, mkavu, koti la suti juu ya buti za mvua, na kila mtu pale alimpisha. Vijana wanne wakaviringisha pipa lake wakalipandisha jukwaani. Jukwaa likalia kwa uzito.

Kioo kikaandika: 0.30.

Mzee Prosperi akasogeza uso karibu na kioo, kisha akaniangalia.

"Mwanangu, hilo pipa limejaa."

"Najua, mzee wangu. Inatafakari."

"Inatafakari gramu mia tatu?"

"Ni kivuli, mzee! Betri yake inachajiwa na jua. Tukiitoa nje itaamka." Hapo nilikuwa nabahatisha, ila nilibahatisha kwa sauti ya mtu mwenye duka. Nikakivuta kisanduku na waya wake, nikakitua juu ya tofali, katikati ya jua.

Kikakaa. Kikakaa. Halafu kioo kikaandika 4.10.

"Mnaona!" nikapaza sauti.

12.60. Ishirini na tisa. Hamsini na moja! Watu wakaanza kusogea. Namba zinapanda taratibu, kwa heshima, kama mzee anayepanda ngazi za kanisa.

"Mashine za bei rahisi hukurupuka," nikawaeleza. "Hii inapima kwa utulivu. Inapima kila tone!"

Mia na arobaini. Mia mbili na kumi. Mia mbili na themanini! Pipa lililojaa asali hukaribia hapo hapo, kila mtu pale alijua. Uwanja ukalipuka! Mama mmoja akapiga kigelegele kikapaa hadi kwenye mizinga. Nikamkonyeza Spesioza. Hakunikonyeza. Alikuwa ameshika kidevu, anakiangalia kisanduku kama daktari anavyomwangalia mgonjwa anayesema hajala kitu.

Nikanyoosha mkono nibonye kitufe cha kutunza uzito. Kioo kikaandika 291.

Kisha 304.

Kisha 318.

"Inatosha sasa," nikakinong'oneza kisanduku.

327.

Mzee Prosperi akanishika mkono, na mkono wake ni wa mtu anayepanda miti. "Usiiguse, mwanangu," akasema kwa upole mkubwa. "Umesema yenyewe inapima kila tone. Iache imalize."

"Mzee, nadhani—"

"Iache imalize!" ikaitikia nusu ya uwanja, ile nusu yenye mapipa.

Mia tatu na sabini. Mia nne! Mzee Prosperi akavua kofia akaishika kifuani. Karani wa ushirika akatupa kalamu. Mtu mmoja akauliza kama kuna chuma ndani ya asali, Mzee Prosperi akamjibu kwa Kirundi, lugha ya nyumbani ya wengi pale, maneno ambayo Spesioza alikataa kunitafsiria hadi leo.

"Shusheni pipa," Mama Apolinaria akasema.

Wakalishusha. Jukwaa likabaki tupu, linang'aa. Kioo kikaandika: 412.

"Hapo sasa inapima nini?" akauliza.

"Harufu," nikajibu. Nakuapia nilijibu hivyo. Mdomo ule ule niliotoka nao Ziba, siku hiyo ulikwisha bidhaa.

Ndipo vurugu ikaanza. Waliokuwa na mapipa nusu wakaanza kuyaviringisha kuelekea jukwaani wakikimbia. Mama mmoja akaleta pipa tupu kabisa, analisukuma kwa mguu, anasema naye apimiwe kabla jua halijapungua. Foleni ikafika barabarani! Katika maisha yangu sijawahi kuona mteja anaipenda bidhaa yangu kiasi kile, na nilikuwa natamani ardhi inimeze.

Mama Apolinaria hakukimbia. Alijitanda upya, akafungua kitenge cha pili alichokuwa amejifunga kiunoni, akakitandaza hewani juu ya kisanduku, akakitilia kivuli. Akasubiri. Uwanja mzima ukamwangalia.

Mia nne na kumi na mbili. Mia nne na moja. Mia tatu na themanini na tisa.

Akaondoa kitenge. Namba zikasimama, zikaanza kupanda tena.

Akakirudisha. Zikashuka.

"Spesioza," akaita. "Mashine hii inapima jua?"

Spesioza alikuwa ameshafungua laptopu yake juu ya ndoo, ameichomeka kwenye kisanduku, na uso wake nikauona unapoufikia ule mstari. Hakuinua kichwa.

"Bosi. Njoo."

Nikaenda.

"Nani kaandika hapa Tembo?"

"Hapo?"

"Hapo."

"Nilidhani… kwa kuwa zinaingiliana…"

"Nilikwambia mlango wa pili wa Swala si wa mizani. Nilikuwa nakwambia ni wa kupima joto! Joto la chipu yenyewe, ya humo ndani! Ukanikatiza mara mbili!" Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alipaza sauti. "Dereva wa Tembo anakuja, anagonga mlango wa pili, anapewa namba. Yeye anajua mlango huo ni wa kilo. Ile ya kuwashia anaiita sifuri, zinazozidi hapo anazitangaza kilo! Hakukosea yeye. Wewe ndiye mshenga uliyemwapia!"

"Shikamoo, fundi," nikasema. Sijui kwa nini. Ni mtoto wa juzi, lakini mahali pale ilionekana ndiyo salamu yake.

Wanachama walikuwa wamesikia kila neno, maana walikuwa wamesogea hadi tunagusana viwiko. Mzee Prosperi akakohoa.

"Kwa hiyo huyu bwana," akasema, akininyooshea kofia, "kamleta mtoto wa watu kwenye posa, kamtaja kwa jina la kaka yake?"

"Ndivyo, babu," Spesioza akajibu.

"Na bibi harusi hakuuliza?"

"Bibi harusi ni kipofu, babu."

"Eeeh!" uwanja ukasema. Walicheka! Walicheka hadi mama mwenye pipa tupu akakaa juu yake. Hapajawahi kuwa na mkutano wa kiufundi duniani ulioeleweka na watu wengi namna ile, na somo lenyewe lilikuwa mimi.

Spesioza akafuta mstari wangu. Akaandika jina la kweli, herufi kwa herufi, na kunilazimisha nilisome kwa sauti mbele za watu. Akalitengeneza faili, akakiagiza kioo kiutaje mlango wa pili kwa kazi yake halisi, akakiwasha kisanduku upya. Sinia likarudi 0.00. Upande wa pili kioo kikaandika, bila aibu wala kilo: JOTO 46.

"Sasa inasema kweli," akasema.

Inasema kweli, ila haipimi pipa. Jaribio limekufa. Mama Apolinaria akamwita Spesioza kando, wakaongea kwa Kirundi, wakapeana mikono. Nikasikia neno Tembo mara mbili na jina langu sikulisikia hata mara moja. Karani akaniambia kwa huruma kwamba ushirika utachukua mizani zake kumi na moja kwa Spesioza mwenyewe, akishazifunga chipu ya kweli, visanduku vipya, "na rangi ya kawaida."

Nikaanza kuvipanga visanduku vyangu garini. Kumi na kimoja. Rangi ya asali. Ndipo nikasikia ile sauti ya chini nyuma yangu, nikasogea bila kutaka.

"Gerson, baba. Hiki kitu joto kinalijua sawasawa?"

"Kwa usahihi, mama mwenyekiti!"

"Namwuliza Spesioza."

"Kinalijua, mama," Spesioza akasema. "Kuliko kinavyojua kingine chochote."

Mama Apolinaria akatikisa kichwa polepole. "Mwaka jana asali yetu ilikataliwa. Wanunuzi walisema stoo ilipata joto, asali ikaungua rangi. Hatukuwa na kitu cha kutuonya."

Jamani, biashara ni kama damu! Nilikuwa nimelala chini kifudifudi, nikasimama. "Mama! Umesema mwenyewe! Kipimajoto cha kisasa, kina kioo, kina kumbukumbu, kina Linux ndani, na angalia rangi: ni ya asali! Kana kwamba kilizaliwa kwa ajili yenu!"

"Bei?"

Nikataja. Akacheka kwa mara ya kwanza siku ile, meno mazuri sana. Akataja ya kwake: bei ya kipimajoto cha kawaida, kile cha duka la dawa. Nikalia. Nikamtaja marehemu mama yangu. Nikamwonyesha skrubu. Hakusogea hata shilingi. Ananiangalia tu, kitenge begani. Mimi nimebishana na wachunga ng'ombe wa Igunga, nimebishana na madereva wa malori wenye njaa, lakini yule mama alisubiri tu hadi nikaanza kujibishana mwenyewe.

Nikapiga hesabu haraka kichwani. Bei ni ya kuchinjwa, ndiyo. Lakini mara kumi na moja, hasara inapona nusu, gari linarudi tupu, na Tabora siwezi kuonekana na shehena. Nikampa mkono mbele ya mashahidi wote. Makofi yakalia, na safari hii nikayapokea kama mtu aliyeponea chupuchupu.

"Vijana!" nikaita. "Shusheni vyote kumi na kimoja!"

Mama Apolinaria akaniachia mkono, akanitazama kwa mshangao wa kweli kabisa.

"Vyote vya nini, baba?" akasema. "Stoo tunayo moja."